Mkaja

Nimejifungua.
Ndivyo lugha isemavyo, kama kwamba nilikuwa furushi,
nikalegeza fundo mwenyewe, nikainuka, nikaenda zangu.
Ajuaye ni kitanda cha hospitali ya Wete
na nyuzi saba nilizotiwa usiku wa manane
na daktari anayemuuliza mwenziwe bei ya sukari.

Kisha nikaletwa nyumbani, kufungwa.

Harusini kwangu mama alilipwa fedha ya mkaja;
nikadhani ni jina tu la bahasha.
Leo kafungua kasha, kautoa wenyewe:
bafta iliyofifia, ina doa la bizari,
umri wake na wangu mmoja.

Bi Mize hutoka Limbani kabla jua halijapanda.
Majani ya mlimau yamechemka mpaka bati linatoa jasho.
Huchovya kitambaa, hukamua, hubandika.
"Hapa?"
"Hapo."
"Pumua basi, pumzi si ya mkopo."
Mgongo, nyonga, na chini huko
ambako hata mimi sijarudi kuzuru.
Tumbo langu ni unga uliozidiwa maji.
Huweka goti ubavuni, huvuta mkaja
kama afungaye pakacha la muhogo la kwenda mbali.

Wageni huvua viatu, humwendea yeye.
"Pua ya kina Shaame hii!"
"Ananyonya? Analala? Kitovu kimeanguka?"
Nami nipo pale kitandani, nimejifunika kanga,
kifuu:
nazi imeshakunwa, tui limeshakamuliwa,
nani tena atauliza habari za kifuu?

Usiku wa kumi na moja
matiti yalikuwa mafiga mawili, yana moto.
Nililia kwa sababu soksi moja ya mtoto imepotea.
Shaame aliipata chini ya mto,
akasimama nayo mkononi, kama mtu aliyeletwa mahakamani,
hajui aombe radhi kwa lipi.
Nikazidi kulia.

Asubuhi mama akasema, "Usilie, mwana atanyonya huzuni."
Bi Mize akasema, "Mwache. Maji hayachagui pa kutokea."
Akamtia Raya begani, akanivutia pazia.
"Lala. Akitaka ziwa nitamwambia asubiri.
Mpemba huyu, subira ataijua tu."

Nililala mpaka adhana ya adhuhuri.
Nilipoamka niliikuta supu ya pweza imefunikwa kawa,
na jina langu, Zuwena, limerudi,
limekaa ukingoni mwa kitanda, linanisubiri.

Siku hiyo, akinikanda, alinambia kwa sauti ya chini:
"Mimi kwa wa nne wangu, siku kumi sikumtazama uso.
Walisema nina shetani. Wakaniandikia kombe, nikanywa,
kombe la kheri, silikatai.
Lakini nilichokuwa nacho ni uchovu, mwanangu,
na mlango ambao hakuna aliyeubisha."

Kliniki, nesi alimpima Raya, akaandika, akaifunika kadi.
Nikaanza kukusanya nepi.
"Na wewe?" akasema. "Unalala? Unakula?
Kuna kitu unakiogopa?"
La kwanza nikajibu kidogo, la pili ndiyo.
La tatu nikanyamaza.
Akavuta kiti.

Arobaini imefika. Nyumba imedekiwa, udi umefuka,
mtoto ana wanja mpaka kwenye sikio.
"Umetoka," wanasema, na mmoja ameshaniuliza
kama kesho nitakwenda kuanika karafuu.
Mama anakunja mkaja aurudishe kashani;
nami nimeushika ncha ya pili,
tunavutana kidogo, kama watu wakunjao shuka.

Bi Mize ameshavaa buibui, doti yake ya kanga kwapani.
"Kesho pia uje," nikamwambia.
"Arobaini zimetimia."
"Zenu. Zangu bado."

Akanitazama tumbo, kisha macho.
"Haya," akasema, "lakini maji uchemshe mwenyewe.
Nguvu za kubisha naona unazo."